Fungua poti kwenye ruta ya nyumbani, mteja achukue faili mwenyewe

Habari zenu, karibuni. Leo tunafungua poti, yaani mlango wenye namba ambao huduma fulani hupitia, kwenye ruta ya nyumbani ili mtu aliye mbali aingie kwenye kompyuta yako na kuchukua faili. Tuchukulie una studio ndogo ya video Tanga. Umemaliza kuhariri harusi, faili ina GB 20, na ndugu wa bibi harusi walioko Muscat wanaitaka na ubora wake wote. WhatsApp inakomea GB 2 kwa faili moja, Google Drive ya bure inakomea GB 15. Basi waje waichukue kwako.

Ila kwanza tuhakikishe ruta yako inafikika kutoka nje. Usiruke hapa, maana wengi huhangaika na mipangilio kutwa nzima kumbe tatizo haliko kwao kabisa.

Fungua brauza, andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ikigoma, pindua ruta usome stika iliyobandikwa chini yake. Anwani iko pale, pamoja na jina na nenosiri la kuingilia. Kama nenosiri bado ni lile lile la kiwandani, libadilishe sasa hivi, usingoje tumalize. Ukishaingia, nenda kwenye ukurasa wa "Status", tafuta palipoandikwa WAN, yaani upande wa intaneti, uinakili ile IP, namba ambayo ni anwani ya kifaa mtandaoni. Kisha fungua tabo nyingine, uingie ifconfig.me, nayo itakuonyesha IP ambayo dunia inakuona nayo.

Zikifanana, umepona, twende mbele. Zikitofautiana, angalia ile ya WAN inaanzaje. Ikianza na 100 na sehemu ya pili ikawa kati ya 64 na 127, mtoa huduma wako amewarundika wateja wengi nyuma ya IP moja ya umma. Hapo hata ujaze fomu ya ruta vizuri namna gani, hakuna mtu atakayefika kwako. Kwa ruta za laini ya simu, za 4G na 5G, hali hii ndiyo kawaida. Mpigie mtoa huduma umuulize habari ya IP ya umma, mara nyingi wanaitoza pesa. La hutaki, achana na poti, weka Tailscale, programu inayounganisha kompyuta zilizo mbali kwa njia ya faragha, kwenye kompyuta yako na ya mteja. Yenyewe haihitaji poti kufunguliwa.

Ikianza na 192.168, huenda una vifaa viwili vilivyofuatana, kile cha faiba kilicholetwa na fundi na ruta uliyonunua mwenyewe. Kazi tutakayofanya leo utaifanya kwenye vyote viwili, au uombe kile cha faiba kiwekwe "bridge mode", yaani kipitishe intaneti tu, ruta yako ibaki peke yake.

Sasa tunachokifanya hasa ni kitu gani? Kumbuka shule ya bweni yenye sanduku moja la posta. Barua ikija na S.L.P. ya shule tu, bila jina la mwanafunzi, karani hajui ampe nani, anaiweka kando. Ruta iko hivyo hivyo. Nyumba nzima ina IP moja, na ombi likija kutoka nje bila kutarajiwa, ruta inalitupa. Tunachofanya ni kumwachia karani maagizo: kitakachokuja na namba hii ya poti, mpelekee kompyuta ile.

Kwa hiyo kompyuta lazima iwe na IP isiyobadilika. Bonyeza Start, andika cmd, kisha andika ipconfig /all. Tafuta kadi ya waya wa LAN, na hapo uinakili "Physical Address", ile yenye jozi sita za herufi na namba. Angalia usichukue ya Wi-Fi kama unatumia waya. Kila kadi ina yake. Rudi kwenye ruta, tafuta "Address Reservation" chini ya DHCP, sehemu inayogawa IP za ndani, uibandike pale, uipe 192.168.1.50 (kama ruta yako ni 192.168.0.1, iwe 192.168.0.50 hapa na mbele), hifadhi, halafu uwashe kompyuta upya.

Sasa huduma ya kutolea faili. Tunatumia SFTP, njia ya kuhamisha faili kwa usimbaji, maana FTP ya zamani inapitisha nenosiri wazi wazi. Windows 10 na 11 zinayo, ni kuiongeza tu: fungua Settings, tafuta "Optional features", ongeza "OpenSSH Server". Ikishaingia, fungua services.msc, tafuta "OpenSSH SSH Server", iweke "Automatic" kisha bonyeza "Start". Hakikisha pia mtandao wako umewekwa "Private" kwenye Windows, la sivyo ngome ya Windows (Firewall) inaweza kuziba njia.

Mteja usimpe akaunti yako. Tengeneza akaunti mpya, aina ya Standard, tuiite mteja, na uipe nenosiri refu. Halafu tumfungie ndani ya folda moja. Fungua Notepad kama admin, ufungue faili la C:\ProgramData\ssh\sshd_config, uongeze mistari hii mitatu:

AllowUsers mteja
ChrootDirectory D:\Kazi
ForceCommand internal-sftp

Iweke juu ya ule mstari unaoanza na "Match Group administrators" karibu na mwisho wa faili. Ukiiweka chini yake, AllowUsers na wenzake watawahusu maadmin peke yao, na mteja wako atazurura kwenye kompyuta nzima. Hifadhi, kisha uanzishe upya ile huduma. Na ndani ya D:\Kazi weka nakala tu, faili mama libaki kwingine, kwa sababu kwa kawaida akaunti hiyo inaweza pia kufuta vilivyomo.

Haya, tufungue poti yenyewe. Kwenye TP-Link nyingi nenda "Advanced", "NAT Forwarding", kisha "Port Forwarding". Za zamani huandika "Virtual Servers". Kwenye Huawei tafuta "Forward Rules", kisha "Port Mapping". Bonyeza kuongeza. Jina andika chochote. IP ya ndani ni 192.168.1.50. Poti ya ndani ni 22, kwa sababu ndiyo SFTP inayosikiliza. Poti ya nje, hapa tulia kidogo, andika 50222. Roboti za mtandaoni hugonga poti 22 usiku na mchana zikijaribu manenosiri, na ukihama utapunguziwa kelele hizo. Si ulinzi, ulinzi ni lile nenosiri refu. Protokali chagua TCP. Washa, hifadhi.

Kuna watu watakuambia uweke kompyuta kwenye DMZ, eti ndiyo rahisi. Usikubali, hapo unafungua poti zote kwa mpigo. Na usifungue kamwe poti 445, ile ya kushirikiana mafolda ya Windows. Ndiyo iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry Mei 2017, kikafunga mafaili ya kompyuta nchi nyingi.

Tupime. Kompyuta iwe imewaka na huduma inafanya kazi, maana bila huduma kusikiliza, kipimo kitasema poti imefungwa hata kama ruta iko sawa. Ingia canyouseeme.org, andika 50222, bonyeza. Ikikubali, zima Wi-Fi kwenye simu yako, tumia bando, ujaribu kuingia kwa programu yoyote ya SFTP. Usipime ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, ruta nyingine hazikubali kujipigia zenyewe kwa IP ya nje.

Mteja aweke WinSCP, programu ya kuchukulia faili kwenye Windows, achague SFTP, aandike IP yako ya umma, poti 50222, jina na nenosiri. Mara ya kwanza itamuuliza kama anauamini ufunguo wa kompyuta yako, akubali. Mwambie pia awe na subira. Kinachoamua mwendo ni kasi yako ya kupandisha: kwa Mbps 10, GB 20 zinachukua kama saa nne na nusu. Umeme ukikatika katikati, WinSCP inaweza kuendelea ilipoishia.

Ila ruta ikizima na kuwaka, IP ya umma inaweza kubadilika na mteja akabaki anagonga nyumba ya mtu mwingine. Tafuta "Dynamic DNS" kwenye ruta, huduma inayoipa IP yako jina na kulifuata inapobadilika, ufungue akaunti No-IP, kampuni inayotoa majina hayo, umpe mteja jina badala ya namba.

Akishamaliza kupakua, rudi kwenye ukurasa ule wa ruta uizime hiyo sheria. Usiifute, kazi ijayo utaiwasha tu.