Kuendesha Foklifti kwa Usalama Gatini na Ghalani: Maelekezo kwa Madereva wa Kigoma

Habari yako, ndugu mtazamaji, na karibu. Video hii imerekodiwa Kigoma, mahali ambapo mzigo unaoshushwa kutoka kwenye mabehewa ya reli ya kati hupakiwa melini kuelekea Bujumbura, Uvira, Kalemie na Mpulungu, na ambapo kati ya behewa na meli foklifti, yaani mashine inayonyanyua mzigo kwa meno mawili ya chuma yaliyo mbele yake, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi. Nakusudia kuzungumza na dereva aliyekwisha kupata mafunzo na kibali cha kuendesha mtambo huu, pamoja na msimamizi wa ghala anayempangia kazi. Ikiwa hujafundishwa, tazama ili ujifunze, lakini usipande mpaka upate mwalimu wa kusimama nawe.

Kabla ya hatua yoyote, tazama mashine hii kwa ubavuni. Mzigo hukaa mbele ya magurudumu ya mbele, na nyuma kabisa kuna chuma kizito kinachouzuia mzigo huo usiinue mkia wa mashine, kama watoto wawili wanaobembea kwenye ubao uliolazwa juu ya gogo. Sasa kamera inashuka chini ya mashine. Ekseli ya nyuma imeshikiliwa katikati kwa pini moja, nayo inacheza kulia na kushoto ili magurudumu yafuate ardhi. Kwa hiyo, ingawa unahesabu magurudumu manne, mashine imesimama juu ya pointi tatu tu, yaani magurudumu mawili ya mbele na pini hiyo ya nyuma. Kitovu cha uzito wa mashine na mzigo, yaani pointi ambayo uzito wote ni kama umekusanyika hapo, kikibaki ndani ya pembetatu hiyo, uko salama. Kikitoka kwa mbele, mkia unainuka, na kikitoka kwa ubavuni, foklifti inalala upande. Karibu kila agizo utakalolisikia katika video hii linatokana na pembetatu hiyo, na dereva anayeielewa hahitaji kukaripiwa kuhusu mwendo wa kasi.

Hatua ya kwanza ni ukaguzi, nao hufanywa injini ikiwa imezimwa na meno yakiwa chini. Vaa kofia ngumu, reflekta na viatu vya usalama, kisha zunguka mashine yote. Chungulia chini kama kuna oili iliyodondoka usiku. Kagua magurudumu, nati zake, na kizuizi cha juu kinachomlinda dereva dhidi ya vitu vinavyoanguka. Unapofika kwenye meno, piga magoti, kwa sababu mahali pa kutazama ni pale kwenye kiwiko, jino linapokunja kutoka wima kuwa mlalo. Futa vumbi la saruji kwa kitambaa kikavu na utafute ufa mwembamba unaokwenda kukata jino kwa upana. Pima pia unene. Jino lililotoka kiwandani likiwa na milimita 40, likibaki na milimita 36, limekwisha kulika asilimia 10, na hapo linapaswa kuondolewa, kwani uwezo wake wa kubeba umepungua kwa takriban asilimia 20 hata kama kwa macho linaonekana zima. Usikubali lichomelewe kwenye karakana ya jirani ili kazi iendelee. Joto la kuchomelea huharibu ugumu wa chuma hicho, na hakuna mtu atakayeweza kukuhakikishia kwamba halitakatika likiwa juu.

Kwenye minyororo ya kunyanyulia, usitumie vidole; tumia kijiti kuigusa na kuona kama kuna pingili iliyolegea au upande mmoja uliokaza kuliko mwingine. Kwenye mipira ya haidroliki, yaani mabomba ya mpira yanayopitisha oili ya kunyanyulia, vilevile, usipapase kwa kiganja ukitafuta uvujaji. Oili hutoka pale kwa shinikizo kubwa kiasi cha kupenya ngozi, na jeraha dogo kama la sindano linaweza kumpeleka mtu kwenye chumba cha upasuaji. Pitisha kipande cha boksi karibu na mpira, nacho kitakuonyesha alama ya oili.

Baada ya hapo washa injini, jaribu honi, taa, breki ya mguu na ya mkono, kisha inua meno na uinamishe mlingoti, yaani nguzo ya mbele ambayo meno hupanda na kushuka juu yake, bila mzigo. Ukikuta kasoro, iandike kwenye daftari la ukaguzi, toa funguo, na utoe taarifa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imempa mwajiri wajibu wa kutoa mtambo ulio salama, mafunzo na vifaa vya kujikinga, na imempa mfanyakazi wajibu wa kutumia vifaa hivyo na kutoa taarifa ya hatari. Nalitaja jambo hili kwa sababu dereva huambiwa mara nyingi kwamba meli inasubiri. Meli inaweza kusubiri.

Hatua ya pili ni kukaa kitini. Panda ukitazamana na mashine, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, vikiwa vimeshika wakati wote, na usiushike usukani kama kipini cha kupandia. Funga mkanda hata kwa safari ya hatua kumi. Sababu yake ni hii: mashine inapoanza kulala, mwili wa binadamu hutaka kuruka, na anayeruka huangukia upande ule ule ambao mashine inaangukia, kisha kizuizi cha juu kinamkandamiza. Ikitokea kwamba foklifti yako inalala upande, usiruke. Shika usukani kwa nguvu, kanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, na uegemee upande ulio kinyume na ule inakoangukia. Litafakari jambo hili ukiwa umetulia, kwa sababu mashine inapolala hutapata nafasi ya kulikumbuka upya.

Hatua ya tatu ni kuujua mzigo. Kila foklifti ina kibao cha uwezo karibu na kiti, na kibao kilichofutika kibadilishwe kabla ya kazi. Hapa kinasomeka kilo 2,500 kwenye umbali wa milimita 500, maana yake ni kwamba mashine inabeba uzito huo ikiwa kitovu cha mzigo hakizidi nusu mita kutoka uso wa meno, yaani sehemu yake ya wima inayoguswa na mzigo. Chukua paleti, yaani jukwaa la mbao la kupangia mzigo, yenye saruji. Mfuko mmoja ni kilo 50, mifuko 40 ni kilo 2,000, nayo imepangwa vizuri kwenye paleti ya kawaida, hivyo uko ndani ya uwezo. Sasa chukua kreti la vipuri lenye urefu wa mita 1.6 kutoka mbele hadi nyuma. Kitovu chake kiko milimita 800 kutoka uso wa meno. Kwa mashine ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi uso wa meno ni milimita 450, zidisha 2,500 kwa 950 (yaani 500 jumlisha 450), ugawanye kwa 1,250 (yaani 800 jumlisha 450), utapata kilo 1,900. Mashine ni ile ile, lakini kilo 600 za uwezo wake zimepotea kwa sababu ya urefu wa kreti peke yake. Uwezo hupungua tena kadiri unavyonyanyua juu zaidi, na kibao hicho ndicho chenye neno la mwisho, wala si hesabu ya kichwani.

Mapipa ya mafuta ya mawese yanahitaji uangalifu wa aina yake. Pipa la lita 200 lililojaa lina uzito wa takriban kilo 200, kwa hiyo manne juu ya paleti hayatishi kwa uzito. Hatari iko kwenye pipa au tangi lililojaa nusu, kwani kimiminika hukimbilia mbele unapofunga breki na hukimbilia ubavuni unapokata kona, nacho kitovu cha uzito huhama pamoja nacho. Yafunge mapipa kwa pamoja, na uendeshe polepole kuliko kawaida.

Lipo jambo moja ambalo nawaomba wasimamizi walikomeshe kabisa: kuwapandisha vibarua wawili au watatu nyuma ya mashine ili mkia usiinuke. Mkia ukiinuka, mzigo umezidi. Ugawe mara mbili, au lete mashine kubwa zaidi.

Hatua ya nne, kuchukua mzigo. Ujongelee ukiwa umenyooka nao, simama, weka mlingoti wima, panua meno kadiri paleti inavyoruhusu na yawe sawa pande zote mbili. Ingiza meno mpaka mzigo uguse uso wa meno. Angalau theluthi mbili ya urefu wa mzigo iwe juu ya meno. Inua kidogo tu, usubiri, uone kama umetulia. Inamisha mlingoti nyuma taratibu. Tazama nyuma juu ya mabega yote mawili, piga honi, rudi nyuma, kisha shusha mzigo mpaka ubaki sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini. Huo ndio urefu wa kusafiria. Kusafiri mzigo ukiwa juu ni kupandisha kitovu cha uzito kwa hiari yako, na kona ndogo inatosha kuiangusha mashine.

Hatua ya tano ni kusafiri, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu wanaoumia njiani mara nyingi si madereva. Foklifti huongozwa na magurudumu ya nyuma. Unapokata kona kulia, mkia unafagia kushoto kwa upana ambao mtu asiyeijua mashine hautarajii, na mtu aliyesimama kati ya mkia huo na ukuta wa ghala hana pa kwenda. Mashine tupu ya uwezo wa tani 2.5 peke yake ina uzito wa takriban tani 3.5 hadi 4, unaozidi magari madogo mawili yakiwekwa pamoja. Kwa hiyo njia ya mashine na njia ya watu zitenganishwe kwa rangi sakafuni na, inapowezekana, kwa vyuma. Pale gatini, ambapo wapakiaji, makarani, abiria na akina mama wenye mizigo yao hupishana, msimamizi aweke mtoa ishara mmoja, na dereva amtii huyo mmoja, isipokuwa ishara ya kusimama, ambayo itiiwe hata ikitolewa na mtoto. Mtu akiingia njiani, simama, mtazame usoni mpaka akutazame, ndipo umpungie apite. Honi peke yake haitoshi. Katika kelele za injini za meli huenda hajaisikia.

Hakuna mtu anayepita au kusimama chini ya meno yaliyoinuliwa, yawe na mzigo au yawe matupu. Hakuna anayepandishwa juu ya paleti kwenda kuchukua kitu rafuni. Hakuna anayedandia.

Mzigo ukikuziba macho, endesha kwa kurudi nyuma huku ukitazama unakokwenda. Kwenye mteremko, utaratibu hubadilika: ukiwa na mzigo, mzigo uelekee mlimani siku zote, yaani panda kwa mbele na ushuke kwa rivasi; ukiwa mtupu, meno yaelekee bondeni. Usikate kona ukiwa mteremkoni, hata mteremko uonekane mdogo, kwa maana hapo pembetatu yako imekwisha kuinama. Wakati wa masika vumbi la saruji lililomwagika huwa tope linaloteleza, basi lifagiliwe kabla mvua haijafika. Kwenye ukingo wa gati, wekeni alama ya kutovuka iliyo mbali na maji, kwa kuwa tuta dogo la pembeni haliwezi kuizuia mashine iliyobeba.

Ukiingia ndani ya behewa, hakikisha kwanza limefungwa breki na kuwekewa vizuizi vya magurudumu, bamba la kuvukia limeshikizwa pande zote, na sakafu haijaoza. Mashine na mzigo kwa pamoja huweza kufika tani 6, na sehemu kubwa ya uzito huo hukaa kwenye magurudumu mawili ya mbele. Kanyaga sakafu ile kwa miguu yako kabla ya kuikanyaga kwa mashine.

Kuhusu hewa: injini ya dizeli ndani ya ghala lililofungwa hutoa moshi wenye kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Fungua milango ya pande mbili. Mtu akianza kuumwa kichwa na kizunguzungu, zima mashine na umtoe nje mara moja. Kwa mashine za betri, mahali pa kuchajia pasiwe na moto wala sigara, kwa kuwa betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kirahisi.

Hatua ya sita, kupanga mzigo. Simama mbele ya rundo, funga breki, inua ukiwa umesimama, sogea taratibu, rudisha mlingoti wima ukiwa juu ya mahali pa kuweka, kisha shusha. Usiinamishe mlingoti mbele ukiwa na mzigo juu isipokuwa mzigo uko tayari juu ya mahali pake. Paleti iliyovunjika ubao mmoja isiwekwe chini ya nyingine.

Hatua ya mwisho ni kuegesha. Chagua mahali tambarare pasipoziba mlango, njia ya dharura wala kizimamoto. Shusha meno mpaka yalale chini kabisa na uinamishe mlingoti mbele kidogo ili ncha ziguse sakafu, asije mtu akajikwaa. Weka gia huru, funga breki ya mkono, zima injini, toa funguo, na ushuke ukitazamana na mashine kama ulivyopanda. Andika kwenye daftari chochote kilichobadilika tangu asubuhi, hata breki iliyoanza kuzama kidogo, kisha mkabidhi msimamizi wa zamu funguo mkononi mwake na umweleze kwa mdomo ulichokiandika.