Kupatana Bei ya Nyumba Mombasa

Asalaam alaikum, na wale tusiosalimiana hivyo, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupatana bei ya nyumba. Najua mkienda Kongowea hamshindwi na mtu, mwashusha bei ya nyanya mpaka muuzaji acheke mwenyewe. Nyumba yataka mwendo mwingine. Humo apataye nafuu ni yule aliyeuliza mengi kabla hajataja pesa.

Swali la kwanza kwa anayeuza Majengo, Kisauni au Likoni: unauza nyumba tupu, au nyumba na ardhi yake? Wageni wa bara hushangaa wakilisikia. Hapa kwetu mtu aweza kujenga nyumba ya vyumba sita, akazaa na kuzeeka ndani, na ardhi ikawa ya mwingine anayepokea kodi yake kila mwezi. Nyumba ya aina hiyo yauzwa, na wako waliokaa nayo kwa raha. Lakini hati miliki hupati, na bila hati benki haikukopeshi juu yake. Kwa hivyo ukitajiwa milioni tatu, usikimbilie "nipunguzie kidogo". Uliza risiti za kodi ya ardhi ziko wapi. Mwenye ardhi yu hai, au imeshikwa na warithi? Atakubali kwa maandishi jina lako liingie? Kila jibu linalokosekana lina bei yake, na muuzaji anajua hivyo kukushinda wewe. Ukiambiwa kiwanja ni wakfu, yaani kilitolewa kwa ajili ya Mungu, aga uondoke. Wakfu hauuzwi, hata ushushiwe vipi.

Nyumba yenye hati, fanya sachi ofisi ya ardhi mapema, yaani upekuzi wa rekodi uone ni ya nani na ina deni gani. Ukikuta iko rehani benki si lazima uiache. Huenda mwenyewe anabanwa, na anayebanwa husikiliza.

Halafu kaikague. Mimi napenda watu waende mwezi wa Mei, mvua ya masika ikiwa imeshapiga, kwa sababu rangi mpya haifichi dari linalovuja. Simama chini ya tangi la maji utazame slabu, lile dari la zege. Hewa yetu ya chumvi yala nondo, vile vyuma vya ndani ya zege. Kutu ikivimba, plasta huachana na zege, na ukiigonga kwa kidole inalia kama debe tupu. Fungua bomba. Maji ya kisima yaonje. Kisha waulize wapangaji, si mwenye nyumba, maji ya mfereji huja siku gani. Mlete fundi aandike gharama kwenye karatasi, na hiyo karatasi ndiyo uiweke mezani: "Mzee, nyumba yako nzuri, hatubishani. Slabu hii fundi asema laki nne. Tufanyeje?" Hapo hujamvunjia mtu heshima yake.

Sasa taja bei yako, ukishataja unyamaze. Hili ndilo gumu kwetu. Kimya kikizidi sisi watu wa pwani tunaona haya, tunaanza kuongeza wenyewe kabla hatujaombwa. Kunywa kahawa yako, ngoja.

Tuseme mmefika milioni 9. Ushuru wa stempu, ule wa serikali wa kuhamisha nyumba kwa jina lako, mjini ni asilimia 4, yaani 360,000, na ni juu yako mnunuzi. Uhesabu kabla hujafurahi. Muuzaji naye ana kodi ya asilimia 15 ya faida aliyopata. Wengi hawaikumbuki mpaka siku ya kusaini, halafu wanataka uwabebee. Iandikeni mapema kwamba ni yake. Akikuambia muandike milioni 5 kwenye mkataba ili nyote mpumue na kodi, kataa. Mthamini wa serikali ana hesabu yake, na mambo yakiharibika, karatasi itakuwa inasema ulitoa tano.

Bei ikigoma kabisa, yako mengine ya kuomba. Desturi ni kulipa asilimia 10 ya bei mwanzo, ikae kwa wakili, na siku 90 kumaliza. Kama unasubiri mkopo, omba siku zaidi. Omba tangi na pampu vibaki. Omba akabidhi nyumba wapangaji wakiwa wametoka.

Naam, mama?

"Dalali akisema kuna mtu analipa kesho?"

Mwambie Mungu amjaalie, alipe. Mama yangu, dalali hulipwa na muuzaji, na bei ikipanda fungu lake lapanda. Simlaumu, ndiyo kazi yake, lakini usimwambie mfuko wako una kiasi gani. Huyo mtu wa kesho akiwa hayuko, simu yako italia Jumatatu.

Na baba pale ameuliza nyumba ya urithi. Hapo punguza mwendo. Marehemu akiwa Mwislamu, hukumu ya Kadhi itaonyesha warithi ni nani na fungu la kila mmoja, iombe uisome. Usipatane na kaka mkubwa peke yake hata awe mchangamfu vipi, kwa sababu ukimaliza naye atakuja wa pili na bei yake. Arubuni, yale malipo ya mwanzo, isitoke mfukoni mpaka wameketi wote, pamoja na yule dada aliyeolewa Lamu ambaye ndugu zake wanakuambia hana neno.