Vigawo, vigawe na namba tasa: tufanye hatua kwa hatua

Karibu. Chukua kalamu na karatasi, maana somo hili halieleweki kwa kutazama tu.

Tuanze na 84. Kigawo cha 84 ni namba kamili inayoigawanya 84 bila baki. Wengi huvitafuta vigawo kwa kubahatisha: 2 imo, 4 imo, 10 haimo, na mwishowe 21 au 28 inasahaulika. Usibahatishe. Vigawo huja viwili viwili. Ukipata kimoja, cha pili umeshakipata.

Tazama ninavyoandika. 1 mara 84: naiweka 1 mwanzo wa mstari na 84 mwisho kabisa, katikati naacha nafasi. 2 mara 42. 3 mara 28. 4 mara 21. 5 haimo, kwa sababu 84 haiishii na 0 wala 5. 6 mara 14. 7 mara 12. Unaona? Za kushoto zinapanda, za kulia zinashuka, zinaelekea kukutana. Nagawa kwa 8, inabaki 4. Kwa 9, inabaki 3. Nikifika 10, naona 10 mara 10 ni 100, imeshapita 84. Nasimama. Vigawo ni 1, 2, 3, 4, 6, 7, 12, 14, 21, 28, 42 na 84. Jumla 12.

Kwa nini tuna uhakika hakuna kilichobaki? Namba mbili zote zikianzia 10 kwenda juu, zao lao haliwezi kuwa chini ya 100. Kwa hiyo katika kila jozi ya 84, lazima moja iwe chini ya 10, na hizo tumezijaribu zote. Kama hapa hujapaelewa vizuri, rudisha video nyuma usikilize tena, kwa sababu kila kitakachofuata kinasimama juu ya jambo hili.

Ukifanya 36 utakutana na 6 mara 6. Hiyo 6 iandike mara moja tu. Ndiyo maana 36 ina vigawo 9, idadi witiri, na ni namba za mraba pekee zenye tabia hiyo.

Vigawo hasi navyo vipo: −7 inaigawanya 84 kama inavyofanya 7. Leo tunabaki na chanya.

Vigawe ni rahisi zaidi: zidisha 84 kwa 1, 2, 3, 4, upate 84, 168, 252, 336, na kuendelea bila mwisho. Ukiulizwa kama 1,000 ni kigawe cha 84, gawanya. Inakwenda mara 11, inabaki 76. Basi si kigawe.

Sasa namba tasa. Hiyo ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. 1 ina kigawo kimoja, kwa hiyo si tasa. 2 ni tasa, na ndiyo shufwa pekee iliyo tasa.

Tupime 197. 14 mara 14 ni 196, na 15 mara 15 ni 225, kwa hiyo tutaishia 14. Tena hatujaribu kila namba, tunajaribu tasa tu: kama 2 imeshindwa, 4 na 6 haziwezi kufaulu. Kwa 2, hapana, ni witiri. Kwa 3, jumlisha tarakimu: 1 na 9 na 7 ni 17, haigawanyiki kwa 3, basi na 197 haigawanyiki. Kwa 5, hapana. Kwa 7, inabaki 1. Kwa 11, inabaki 10. Kwa 13, inabaki 2. Tasa inayofuata ni 17, nayo imepita mpaka wetu. 197 ni tasa, na tumegawa mara sita tu!

Zamu yako: 323. Simamisha video, ipime, kisha urudi.

Umerudi? 18 mara 18 ni 324, kwa hiyo mpaka ni 17. Haigawanyiki kwa 2, 3 wala 5. Kwa 7 inabaki 1, kwa 11 inabaki 4, kwa 13 inabaki 11. Aliyeishia hapo ameandika kwamba ni tasa. Lakini 17 bado imo ndani ya mpaka, na 17 mara 19 ni 323.