Mnaomsahihisha Madame Roulin: Mhadhara kwa Wachoraji wa Mwanza

Wazee wangu, ndugu zangu wachoraji, na ninyi vijana mlioacha mabango ya saluni yakikauka ili mje kunisikiliza, asanteni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, kwamba kunakili picha ni kazi ya heshima ikiwa unaamua kila rangi mwenyewe, na wapo waliokwisha kulichoka. Nitalisema tena, kwa sababu nimeletewa picha ya Madame Roulin, ile ya mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, iliyouzwa hapa mjini kama nakala iliyochorwa kwa mkono, kumbe imetoka kwenye mashine ya kuchapia, kisha ikapakwa gundi inayong'aa kwa brashi ili mnunuzi akipitisha kidole ahisi mikwaruzo. Mikwaruzo yenyewe ilikuwa inakwenda kushoto mahali ambapo picha inaonyesha wazi kwamba brashi ya Van Gogh ilishuka chini. Aliyeipaka gundi ile hakujisumbua hata kuitazama picha aliyokuwa anaiuza.

Habari za Van Gogh mnazijua, sitazirudia. Mama huyu ni Augustine Roulin, mke wa Joseph Roulin, mfanyakazi wa posta katika stesheni ya reli ya Arles, kusini mwa Ufaransa. Picha ilianzwa Desemba 1888, kabla ya kile kisa cha mchoraji kujikata sikio ambacho watu wanakipenda kuliko picha zenyewe, ikaendelezwa mapema mwaka 1889 na kupewa jina La Berceuse, yaani mwanamke anayebembeleza mtoto. Augustine ameketi akiwa ameshika kamba ya kuvutia susu, lakini susu haionekani, wala mtoto wake Marcelle, aliyezaliwa Julai 1888, haonekani. Mchoraji ametuachia kamba peke yake. Nimewahi kuona nakala ambayo kamba hiyo imegeuka mkufu, kwa kuwa aliyenakili alitazama picha ndogo kwenye simu na hakujiuliza mama huyu anafanya nini.

Wapo wanaosema picha ya Mfaransa haituhusu sisi watu wa ziwani. Hao ningependa wajue kwamba Van Gogh alimwandikia mdogo wake, Theo, kuwa alipoiwaza picha hii aliwafikiria wavuvi wa Iceland, wapweke katikati ya bahari yenye hatari, na alitamani itundikwe ndani ya chombo chao ili kila kinapoyumba wakumbuke walivyobembelezwa utotoni. Mtu yeyote aliyewahi kukesha kwenye dagaa upande wa Ukara, taa zikiwaka juu ya maji na upepo ukibadilika, hahitaji mimi nimweleze maneno hayo.

Sasa lile ninaloambiwa kila mara, kwamba kunakili ni kazi ya asiyejua kuchora. Van Gogh aliichora La Berceuse mara tano! Leo ziko Boston, Chicago, New York, Amsterdam na Otterlo, na hakuna hata moja iliyo sawasawa na mwenzake, maana maua ya ukutani yanahama, na mistari inayozunguka mwili mahali pengine imetulia na pengine ina haraka. Alipompa Augustine nafasi ya kujichagulia moja, aliandika kwamba mama yule ana jicho zuri, amechukua iliyo bora, kisha akaketi akaanza kuichora tena. Mwaka 1890, akiwa Saint-Rémy, mji mwingine wa kusini mwa Ufaransa, aliutumia mchoro wa mchoraji mwenzake Gauguin kuchora upya sura ya Madame Ginoux, mama mwenye mkahawa kule Arles, na huko huko alizinakili kazi za mchoraji Mfaransa Millet kutoka kwenye picha zisizo na rangi, akiziwekea rangi zake mwenyewe na kujifananisha na mwanamuziki anayepiga muziki uliotungwa na mwingine. Kwa hiyo anayewadharau wanaonakili, namwomba aanze na huyo.

Kunakili ninakokutetea, hata hivyo, ni kule kunakoamua kila rangi. Uso wa Augustine si wa rangi ya ngozi. Mchoraji mwenyewe aliandika Januari 1889 kwamba uso ni njano ya kromu na nywele ni za rangi ya chungwa, nguo ni ya kijani, sakafu ni nyekundu kali, na karatasi ya ukutani ni ya kijani kinachoelekea buluu yenye maua ya rangi ya waridi. Ninyi mnafanya nini? Mnamsahihisha! Mnamwondolea njano, mnafuta kijani kilichoko kwenye vivuli, mnamlainisha mashavu mpaka anafanana na mwanamke wa tangazo la sabuni, halafu mnashangaa kwa nini amekufa.

Najua atakayesimama kuuliza kwa nini tusiwachore mama zetu wenyewe. Wachoreni, nani amewakataza? Lakini nendeni soko la Mwaloni Kirumba saa saba mchana, mkamtazame mama anayeuza dagaa chini ya turubai la buluu. Nusu ya shavu lake ni buluu, chini ya kidevu mwanga unaopiga kwenye dagaa unarudi kijivu chenye fedha, na wewe umekwenda na kahawia mbili ulizozizoea tangu shule. Aliyekwisha kushindana na kijani cha Augustine siku nyingi hataogopa buluu hiyo, na hiyo ndiyo faida ya nakala ninayoitaka mimi, kabla hatujafika kwenye pesa.

Muda umekwenda, mengine nitayapitia upesi. Kuitambua picha iliyochapwa, mulika tochi kutoka ubavuni na ulinganishe matuta ya rangi na mistari ya brashi inayoonekana kwenye picha. Kisha kuza kwa kamera ya simu, na ukiona vitone vidogo vya rangi mahali ambapo rangi moja ilipaswa kuiburura nyingine, rudisha. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewa, kwa hiyo acheni kuziweka picha karibu na jiko. Itangulie rangi yenye mafuta kidogo, ifuate yenye mafuta mengi, na zile tabaka nene zipeni miezi sita au zaidi kabla ya vanishi. Kuhusu saini, wanaonakili ndani ya Louvre, jumba la makumbusho la Paris, hawaruhusiwi kuiga saini, na nakala yao lazima izidi au ipungue ukubwa wa picha ya asili kwa sehemu moja ya tano. Nanyi fanyeni hivyo, mkiandika nyuma ya kanvasi jina lenu na neno nakala. Bei tutaijadili siku nyingine, maana najua ndiyo iliyowaleta wengine.

Waliokuja na kanvasi wazisogeze huku dirishani. Tutaanza na mikono na ile kamba. Uso asiuguse mtu leo.