Kinanda Kimeenda Wapi?

Mhadhara kwa maprodyuza na mafundi sauti, Kinondoni, Dar es Salaam

Wakubwa shikamooni. Vijana wenzangu, habari za mchana. Nawashukuru mliokuja, maana najua kwa prodyuza Jumamosi saa nane mchana bado ni alfajiri. (Kicheko.)

Leo nataka tuongelee ile alama inayokaa pembeni ya skrini yako wiki nzima ikikwambia kuna toleo jipya la mfumo wa kompyuta. Unaipuuza Jumatatu, unaipuuza Jumanne, halafu usiku mmoja umechoka, bando lipo, unaibonyeza na kwenda kulala.

Mimi niliibonyeza miaka kadhaa iliyopita, usiku wa Alhamisi. Ilikuwa kompyuta ya kampuni gani na toleo gani sitasema, kwa sababu kosa lilikuwa la kidole changu. Nilikuwa na kazi ya kwaya moja ya Mbagala, nyimbo nane, saba zimeshakamilika miksi. Ijumaa asubuhi akaja mwenyekiti wa kwaya, mama mtu mzima, na wanakwaya watatu, wakae wasikilize. Nikafungua wimbo wa tatu. Kikatokea kidirisha kidogo: plagini sita, yaani viprogramu vinavyokaa ndani ya programu ya muziki kutoa sauti za ala na efekti, hazikupatikana. Nikabonyeza "sawa" kama mtu anayefukuza nzi, nikacheza wimbo.

Ngoma hakuna. Besi hakuna. Kinanda, ambacho ndicho kilichokuwa kimeubeba wimbo wote, hakuna. Zilibaki sauti za kwaya na gitaa la mzee mmoja tuliyemrekodi kwa maiki pale sebuleni, hadi feni yangu inasikika kwa mbali. Yule mama alisikiliza hadi mwisho, hakunikatisha. Halafu akanigeukia: "Mwanangu, ni nzuri. Lakini kinanda kimeenda wapi?"

Swali lake ndilo mhadhara wangu wa leo. Na linakuja na jingine: kwa nini gitaa la mzee lilibaki?

Chukua faili la projekti yako lolote, angalia uzito wake. Utakuta megabaiti mbili, tatu. Sasa piga hesabu. Sauti ya stereo ya biti 24 kwa 44.1 kilohezi inakula karibu megabaiti 16 kwa dakika moja. Wimbo wa dakika nne, traki moja tu ya stereo, ni zaidi ya megabaiti 60. Wimbo wenye traki 40 umeingiaje kwenye megabaiti mbili? Haukuingia. Faili la projekti halina wimbo ndani yake, ni orodha ya waalikwa. Linasema: mwite fulani apige kinanda, noti hizi hapa, mpangilio wake ni huu, mwite fulani aweke mwangwi. Kila ukifungua projekti, waalikwa wanaitwa upya mmoja mmoja. Gitaa la mzee halikuhitaji kuitwa, lilikuwa faili la sauti, limeshafika na limekaa.

Wazee wetu hawakuwa na tatizo hili. Bendi kama NUTA Jazz au Western Jazz walipoingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, walichopiga ndicho kilichokaa kwenye tepu. Tepu inaweza kuota ukungu na mashine yake ikawa adimu, sikatai. Lakini ukiipata mashine, tarumbeta iko palepale. Haikuulizi leseni ya tarumbeta.

Sasa, mfumo mpya wa kompyuta ni mlinzi mpya getini. Yule wa zamani alikuwa anawajua wageni wako kwa sura. Huyu hawajui, na kila mmoja ana sababu yake ya kukataliwa.

Kuna wanaokataliwa kwa umri. Oktoba 2019 Apple walitoa Catalina, toleo la macOS, mfumo wa kompyuta zao za Mac, na toleo hilo likaacha kabisa kuendesha programu za biti 32. Biti za kompyuta, si hizi mnazouza nyie. (Kicheko.) Mojave, toleo la kabla yake, lilikuwa linaonya tu. Catalina halikuonya tena, lilifunga geti. Plagini nyingi za zamani, hasa zile za bure zilizotengenezwa na mtu mmoja chumbani kwake halafu akaachana nazo, ziliishia hapo. Hakuna wa kuziandika upya.

Wengine wanakosa barua. Mnajua hapa kwetu kuna mambo mengi unadaiwa kwanza barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Ndivyo ilivyo sasa. Mfumo unataka programu iwe na saini ya mtengenezaji, na kwa Mac, tangu Catalina, programu mpya zinazotoka nje ya duka la Apple zinatakiwa ziwe zimepitishwa na Apple wenyewe kwanza. Na hapa niseme neno ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Plagini ya kuchakachua ni plagini iliyopasuliwa ndani ikabadilishwa. Ukishaibadilisha, ile saini inavunjika. Mlinzi wa zamani alikuwa anafumba macho, huyu mpya anakagua muhuri. Sijaja hapa kuhubiri, mimi mwenyewe nimeanzia hukohuko. Ila ikikataa, hutakuwa na wa kumpigia simu.

Halafu kuna suala la lugha. Novemba 2020 Apple walileta kompyuta za chipu ya M1, na chipu hiyo haisemi lugha ya Intel, wenye chipu zilizokuwa kwenye Mac kabla yake. Wakaweka mkalimani, anaitwa Rosetta. Anafanya kazi nzuri ajabu, lakini ana masharti: ukifungua programu yako ya muziki kwa lugha mpya, plagini za Intel kwa kawaida hazionekani humo, mpaka uifungue programu nzima kupitia mkalimani. Watu wamefuta na kusakinisha plagini mara tano, kumbe kilichotakiwa ni tiki moja. Na mkalimani mwenyewe ana mkataba wa muda. Juni 2025 Apple walitangaza kwamba macOS 26, Tahoe, ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel, na kwamba Rosetta itaendelea kikamilifu hadi toleo la 27. Baada ya hapo itabakizwa kidogo tu kwa ajili ya magemu ya zamani.

La VST, muundo unaotumika kutengenezea plagini, nalipitia haraka. Steinberg, wenye VST, waliacha kutoa vifaa vya kutengenezea VST2 mwaka 2018, sasa ni VST3. Plagini ileile, jina lilelile, lakini projekti yako ya zamani inaweza kuwa inamwita VST2 wakati uliyesakinisha ni VST3 peke yake. Ni kama mapacha: unamwita Kulwa, amekaa Doto, haitiki. Sakinisha zote mbili kama mtengenezaji bado anazitoa.

Naomba nikae kidogo kwenye maiki, kwa sababu hili limepotezea watu pesa bila hata ya kuona kidirisha cha kosa. Tangu Mojave, mwaka 2018, programu inatakiwa iombe ruhusa ya kutumia maiki. Windows 10 nayo, kwenye sasisho la Aprili mwaka huohuo, ikaweka swichi kama hiyo kwenye mipangilio ya faragha. Hesabu ya mfumo ni kwamba kila mlango wa sauti inayoingia ni "maiki", hata kama umechomeka gitaa la besi kwenye saundi kadi, kile kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta. Sasa msanii yuko kwenye buthi, taa ya saundi kadi inawaka kijani, programu inahesabu sekunde, kila kitu kinakwenda. Na kwenye skrini kuna mstari bapa. Mnyoofu kama barabara ya Kibaha. Hakuna ujumbe wa kosa. Unabadilisha waya, unabadilisha maiki, unamlaumu fundi umeme. Dawa yake ni kwenda kwenye mipangilio ya faragha, upande wa maiki, na kuiruhusu programu yako. Sekunde kumi.

Draiva, programu zinazoiwezesha kompyuta kuongea na saundi kadi, ni ndugu na hilo. Kama saundi kadi yako ni ile inayofuata kanuni za kawaida za USB, kwenye Mac haihitaji draiva na mara nyingi itavuka salama. Kama inategemea draiva ya mtengenezaji, nenda kwenye tovuti yake kwanza uone ametaja toleo la mfumo unalokwenda. Hajalitaja? Usiende. Kwenye Windows 11 kuna kinga inaitwa uadilifu wa kumbukumbu (Memory integrity), na draiva ya zamani inaweza kuzuiwa na hiyo. Wenye kadi za FireWire, ule waya wa zamani, poleni sana: Tahoe imeziacha kabisa.

Najua wengi humu si watu wa Mac. Ni watu wa Windows, kwenye mashine iliyotumika, imenunuliwa Kariakoo, na FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, ndani. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, kwa ujumla ni ya kizazi cha nane kuendelea. Mashine nyingi ninazoletewa ni za kizazi cha nne hadi cha sita. Wapo mafundi watakaokuruhusia kwa njia ya panya, na itawaka kweli. Mimi kwa mashine inayonilisha sifanyi hivyo.

Kuna anayeniambia, kaka, mimi napandisha zile sasisho ndogo tu. Sikia. macOS 14.4 ilitoka tarehe 7 Machi 2024, sasisho la kawaida kabisa. Plagini za Audio Unit, muundo wa plagini wa Apple, zenye kinga ya leseni zikawa kwa baadhi ya watu hazifunguki. Marekebisho, 14.4.1, yalitoka tarehe 25. Siku 18. Ukiwa na kazi ya kukabidhi ndani ya siku hizo 18, utamwambia nini mteja? Aliyesubiri mwezi mmoja hakujua hata kama kulikuwa na shida.

Kwa hiyo mimi nafanyaje? Kazi ikikubaliwa, kabla sijalipwa salio, nabaunsi, yaani nageuza, kila traki peke yake kuwa faili la sauti, zote zikianzia sekunde ya sifuri. Traki yenye efekti natoa mara mbili, kavu na iliyopikwa. Noti za kinanda natoa kama MIDI, yaani noti tupu bila sauti. Naandika tempo kwenye jina la folda. Plagini muhimu naifungua na kuipiga picha kwa simu, mkao wa kila kitufe, kienyeji hivyohivyo. Traki 40 za stereo, wimbo wa dakika nne, ni gigabaiti mbili na nusu. Hiyo ni flashi ya kawaida.

Na nikitaka kuujaribu mfumo mpya, nausakinisha kwenye diski nyingine, nafungua projekti zangu tatu ngumu kuliko zote, nasikiliza. Diski ya zamani sijaigusa. Windows inakupa siku kumi za kurudi nyuma, zikipita hairudi. Kwenye Mac hakuna kitufe cha kurudi, ni kufuta na kuanza upya, na kuushusha mfumo tena ni gigabaiti 12 au zaidi za bando lako.

Maswali. Ndiyo, kijana mwenye fulana ya njano.

(Kijana kutoka Tandale anauliza: ana mashine ya Windows 7, anatengenezea singeli, haijawahi kumsumbua. Aibadilishe?)

Mdogo wangu, inawaka? Inatoa kazi? Iache hapohapo. Chomoa intaneti, hamisha faili kwa flashi, na hiyo flashi usiichomeke kila mahali. Mashine ya kazi haihitaji kwenda na wakati. Ila leo ukirudi, anza kubaunsi, maana siku ubao wake wa ndani ukiungua, Windows 7 hutaikuta kwenye mashine mpya dukani. Anza na zile nyimbo zinazopigwa kwenye vigodoro. (Kicheko.)

Dada pale nyuma. Eeh, kwaya. Mlidhani nitasahau.

Nilikwenda Kariakoo kwa fundi mmoja rafiki yangu, akaniazima mashine yenye mfumo wa zamani. Nikanunua umeme wa kutosha, nikazima feni, nikakaa nayo usiku wa kuamkia Jumapili na wa kuamkia Jumatatu, mbu na mimi. Plagini tano nilikuwa na visakinishi vyake kwenye diski ya nje. Ya sita, ya kinanda, sikuwa nacho. Mtengenezaji alikuwa ameshaliondoa toleo lile, lipo jipya tu. Nikaweka jipya, nikahangaika na vitufe hadi alfajiri, nikajiridhisha kwamba hakuna sikio litakalojua tofauti.

Mama mwenyekiti alikuja Jumatano. Akakaa kwenye kiti kilekile. Kinanda kilipoingia, mistari miwili tu, akainua mkono nisimamishe.

"Ni kizuri, mwanangu," akasema. "Lakini hiki siyo kile."

Albamu ilitoka nacho hivyohivyo.