PhD ya uhandisi mtandaoni: kabla hujatoa ada, nisikilize dada yako

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi. Leo narekodi nikiwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya kazini hapa Houston. Nina dakika arobaini za chakula na ugali wangu uko hapa kwenye hotipoti. Mnisamehe kelele za kiyoyozi, nikikizima nitaiva.

Inboksi imejaa swali moja: "Dada, nasikia unasoma PhD ya uhandisi mtandaoni, na mimi nifanyeje?" Na wengi wanachomekea, "Nitapata na viza?" La viza nilimalize kwanza. Hupati. Masomo yakiwa ya mtandaoni mwanzo mwisho, chuo hakikupi fomu ya I-20, na bila I-20 ubalozini hakuna viza ya mwanafunzi. Wakala akikuuzia vyote viwili kwa mpigo, shika pochi yako uondoke.

Sasa hela, na hapa ndipo watu huwa hawaniamini. PhD ya uhandisi ya kukaa chuoni, huku Marekani, mara nyingi hulipi ada. Profesa ana fedha za utafiti, anakuchukua, unasomeshwa na unapewa posho ya kuishi, na wewe unamfanyia kazi maabarani au unasaidia kufundisha. Ya mtandaoni maabarani kwake haupo, kwa hiyo mlipaji ni wewe. Basi wewe mdogo wangu wa miaka ishirini na sita, umetoka Mlimani na GPA yako nzuri, huna mtoto, huna mkopo wa nyumba, mtandaoni unafuata nini? Waandikie maprofesa. Soma kazi zao kwanza, halafu andika. Andika kwa hamsini, wakijibu watatu umeshinda.

Mimi nina miaka arobaini na moja, watoto wawili, na kazi kwenye mtambo wa kusafisha maji ambayo siwezi kuiacha. Ndiyo sababu yangu. Mwajiri ananichangia, kwa miaka mingi sheria ya kodi huku imeruhusu mwajiri kukulipia masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi kwenye hiyo hela. Inayobaki inatoka mfukoni, na inauma jamani.

Halafu kuna PhD na kuna Doctor of Engineering. Johns Hopkins wanayo hiyo ya pili, na unaifanya juu ya tatizo la kazini kwako. Colorado State wana PhD ya uhandisi wa mifumo unayoweza kuisoma ukiwa mbali. Ukitaka kuwa mhadhiri, tafuta PhD. Ukitaka kubaki kiwandani, hiyo nyingine haina ubaya.

Kinachonichekesha ni watu kudhani "mtandaoni" maana yake unasoma hadi mwisho kwa kubofya. Vipindi ndiyo, vya jioni, na kamera unawasha. Utafiti je? Maabara haipitiki kwenye waya. Mimi kwetu Usa River, Arumeru, mnajua meno yetu. Kahawia. Ni floridi ya kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na sisi tuna visima vinavyopita hapo mbali sana. Utafiti wangu ni wa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa sababu madini ya kwenye mfupa yanaikamata floridi maji yakipita. Ugumu uko kwenye kuchoma. Moto ukiwa mdogo maji yanatoka na harufu, ukizidi mkaa unapoteza nguvu ya kukamata.

Ilibidi nimwombe bosi tanuri la maabara ya kazini, siku za Jumapili. Mara ya kwanza niliutoa mapema. Jumatatu asubuhi mzee mmoja wa zamu anauliza kama kuna panya amefia kwenye dari. Nilinyamaza kimya! Kwa hiyo kabla hujajaza fomu, jiulize: tanuri lako liko wapi? Nani atakuruhusu kulitumia? Kama huna jibu, ada yako itaishia kwenye vipindi, na tasnifu hutaiona.

Na umeme. Mnadhani huku haukatiki. Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita hapa, wateja zaidi ya milioni mbili gizani. Nimekimbia mgao Tanzania nikaukuta Texas. Pendekezo langu la utafiti lilikuwa la kuwasilishwa wiki hiyo. Nililituma nikiwa kituo cha mafuta, kompyuta mapajani, intaneti ya simu, watoto wamelala kiti cha nyuma wametoka jasho chapachapa. Msimamizi wangu akajibu, "Nimepokea." Basi, neno hilo tu.

La mwisho kabla muda haujaisha: hakiki chuo. Kwa Tanzania waulize TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, Kenya waulize CUE, tume yao ya elimu ya vyuo vikuu, kama shahada ya chuo hicho wataitambua, na uliza kabla ya kulipa. Tangazo likisema PhD yao ina ithibati ya ABET, shirika la Marekani linaloidhinisha programu za uhandisi, shtuka, maana ABET inaishia kwenye masta. Na hiyo PhD haikufanyi mhandisi mtaalamu; kwa Tanzania, ERB, yaani Bodi ya Usajili wa Wahandisi, bado unawahitaji.

Haya, bosi kanipungia mkono pale mlangoni. Walio Ngarenanyuki, Usa River, Maji ya Chai: kama kisima chenu kimewahi kupimwa, niandikieni kilisoma ngapi na mwaka gani. Nahitaji namba hizo kweli. Ugali wenyewe sijaugusa.