Hela ya Kula Kabla ya Hukumu

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana. Nimeambiwa niseme juu ya matunzo, yaani hela ya kumtunza mwenzako wa ndoa, na neno lenyewe lilipotajwa nimesikia miguno upande wa wanaume. Gunieni tu, mada ni yenu pia, na mtaona kwa nini.

Naanza na mama mmoja, au niseme mama wengi, maana hadithi ni ileile. Ametoka kwa mumewe miezi minane, amejibanza kwa dada yake, shauri la talaka liko Mahakama ya Mwanzo na linapigwa tarehe. Namuuliza, "Umeomba matunzo?" Ananijibu, "Nasubiri hukumu, tutagawana nyumba." Dada yangu, nyumba ni mgawanyo wa mali. Huo una siku yake, na mpaka siku hiyo ifike huwezi kuchemsha bati ukala. Hela ya kula unaiomba sasa, shauri likiwa bado bichi.

Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, hapa Tanzania Bara, kifungu cha 63, inampa mume wajibu wa kumpatia mkewe, au wake zake, malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Kulala vyumba tofauti hakufuti ndoa, wala kurudi kwenu Songea au Tarime hakuifuti. Kisha kifungu cha 115 kinaipa mahakama mamlaka ya kumwamuru mume alipe: akiwa amekataa au amepuuza kumtunza mkewe, akiwa amemtelekeza, na pia wakati shauri la ndoa likiendelea. Huhitaji kuomba talaka ndipo upate matunzo. Mnaweza kuwa bado mko kwenye Baraza la Usuluhishi, mnapatanishwa na wazee, na huku umekwenda mahakamani kudai chakula.

Sasa hapa naomba hata wenye simu mnisikilize. Wako wanaoomba utengano badala ya talaka, labda kwa sababu ya dini, labda kwa ajili ya watoto. Mahakama inatoa amri ya utengano, ndoa inabaki palepale, ila wajibu wa kukaa pamoja unaondoka. Na wajibu wa kutunzana nao unaondoka, isipokuwa pale ambapo kuna amri ya matunzo. Umeelewa mtego? Kabla ya amri ulikuwa na haki ya kutunzwa. Umekwenda mwenyewe kuomba utengano, umesahau kuomba matunzo, umerudi na karatasi inayomwachilia mumeo. Nimeona watu wakisherehekea karatasi hiyo.

Kuna mkanganyiko mwingine nausikia misikitini na sokoni: kwamba mke wa Kiislamu mwisho wake ni eda, kile kipindi cha kungoja cha mke aliyeachwa. Eda inahusu baada ya talaka. Hapo ndipo sheria inasema kwa kawaida matunzo hayavuki eda. Mke aliyetengana na mumewe bila talaka yuko ndani ya ndoa, na eda haijaanza hata siku moja. (Ninasema haya ya Tanzania Bara. Zanzibar sheria hii haitumiki, kule mambo haya kwa Waislamu ni ya Mahakama ya Kadhi.)

Kiasi gani? Wazee mtakumbuka ile sheria ya zamani ya mtoto wa nje ya ndoa, matunzo yasiyozidi shilingi 100 kwa mwezi. Ilidumu mpaka Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipoifuta, na shilingi mia ilikuwa imeshakuwa bei ya pipi. Sheria ya Ndoa haikutaja kiasi chochote, na hapo ilikuwa na akili. Kifungu cha 116 kinamtaka hakimu aangalie kwanza uwezo wa anayelipa na mahitaji ya anayeomba, kisha atazame nani amechangia kiasi gani kuvunja nyumba, na desturi za jamii yao.

Kwa hiyo usiende kusema "anitunze vizuri." Nenda na hesabu. Tuseme kodi ya chumba 50,000, chakula 6,000 kwa siku ambacho kwa mwezi ni 180,000, dawa za presha 30,000. Jumla 260,000. Halafu yeye: ana bajaji mbili, au ana mshahara, au ana fremu anapangisha. Shahidi ni nani? Miamala ya simu aliyokuwa akikutumia zamani inasema mengi kuliko machozi. Hela ya watoto iandike pembeni, hiyo ni haki yao, isichanganywe na yako.

Na wewe baba unayelipa, lipa kwa njia inayoacha alama. Hela ya mkononi, tena ukampa mdogo wake, miezi sita baadaye hukuwahi kutoa kitu. Kazi ikikuishia, usinyamaze deni likajaa. Rudi mahakamani uombe amri ibadilishwe, sheria inaruhusu hali ikigeuka.

Kuna bwana pale nyuma amesema, "Hanipi unyumba, nimpe chakula?" Mmecheka. Swali lake ni la kweli, na jibu ni kwamba mwenendo wa kila mmoja unapimwa kwenye kiasi, ila kufuli la jiko halina hakimu ndani yake. Ukiamua mwenyewe kukata chakula, siku ya shauri wewe ndiye uliyepuuza. Na usibadilishe kitasa pia: nyumba ya ndoa, hata hati ikiwa kwa jina lako, huiuzi wala kuiweka rehani bila ridhaa yake, na ana haki ya kukaa humo mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iseme vingine.

Swali la mwisho, mzee wangu wa kanzu. Unasema mkweo alikuwa dereva wa lori, amepata kiharusi, upande mmoja hausikii, binti yako ni mwalimu na amerudi kwako. Unauliza kama huyo mgonjwa anaweza kumdai.

Anaweza, mzee. Mume asiyeweza kujipatia riziki kwa ugonjwa au ulemavu, na mke ana uwezo, mahakama inaweza kumwamuru mke alipe. Kama binti yako anapokea mshahara, mwambie apige hesabu kabla wito haujafika.